Punta Cana au Santo Domingo: kulipia kila kitu hotelini au kuutafuta mji?

Watu wetu wanaoishi Toronto, Minneapolis au Boston wanaijua hamu inayoingia mwezi Januari. Theluji imejaa mlangoni, watoto wana mafua, na kwenye simu kuna tangazo la wiki moja Punta Cana: ndege, chumba, chakula na vinywaji, vyote kwa bei moja. Hapo hapo anatokea rafiki anayesema, "Usiende kujifungia hotelini, nenda ukaione nchi." Tangazo lina haki yake na rafiki ana haki yake, ila wanazungumzia safari mbili tofauti. Anayezichanganya bila kupanga hurudi na mabaki ya zote mbili.

Nitazilinganisha ndani ya nchi moja, Jamhuri ya Dominika. Ndiyo inayopokea watalii wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Karibi, na safari hizo mbili zinatenganishwa na barabara ya takriban kilomita 200 tu. Punta Cana na jirani yake Bávaro ziko ncha ya mashariki, kwenye mchanga mweupe. Santo Domingo, mji mkuu, uko kusini, kwenye mlango wa mto Ozama.

Unachonunua Punta Cana

Mtindo wa kulipia kila kitu kwa mkupuo ulianzia mbali na Karibi. Club Med walifungua kambi yao ya kwanza mwaka 1950 kwenye kisiwa cha Mallorca, Uhispania, wageni wakilala kwenye mahema. Karibi ndiko ulikokomaa. Mwaka 1981 mfanyabiashara wa Jamaika, Gordon "Butch" Stewart, alifungua Sandals ya kwanza huko Montego Bay, na katika miongo iliyofuata ufuo wa Bávaro ukajaa hoteli za aina hiyo, nyingi zikiwa za makampuni ya Uhispania. Aliyewahi kufanya kazi Kiwengwa au Diani hatakuta jambo geni.

Ukifika unavishwa bangili ya plastiki mkononi, na kuanzia hapo hutoi pesa. Bafe inafunguliwa asubuhi, mchana na usiku. Pembeni kuna mikahawa ya kuagiza, ya Kiitaliano, ya Kijapani, ya nyama choma, ambayo mara nyingi inataka uweke nafasi mapema. Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mizigo, pita ukaulize, kwa sababu mizuri hujaa. Vinywaji vya kawaida vimo kwenye bei, vya gharama hulipiwa kando. Kuna bwawa, kuna vitanda vya jua, kuna vijana wa kuchezesha watoto, kuna muziki kila usiku.

Sitaki kuidharau likizo hii. Mama anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, akitoka hapo anapika, anafua, anasimamia masomo ya watoto watatu, hahitaji kufundishwa historia ya Karibi wiki yake pekee ya mapumziko. Anahitaji siku saba ambazo hakuna anayemuuliza leo tunakula nini. Hoteli za Bávaro zinampa hicho, na zinampa vizuri. Mtoto wa miaka minne anaona bahari mbele na bwawa nyuma, naye mama ameketi kivulini anamwona. Bibi aliyetoka Arusha kuja kuwatembelea wajukuu, magoti yakimsumbua, anapata lifti, kiti na chai bila kupanda ngazi wala kubishana na dereva.

Udhaifu wake huanza kuonekana baada ya siku kadhaa. Bafe ile ile, iliyopikwa ili isimkere mgeni yeyote, huanza kukosa ladha. Asubuhi ya kwanza au ya pili utaitwa kwa upole kwenye "kifungua kinywa maalumu" au upewe ahadi ya zawadi, na mwisho wake ni mtu wa mauzo anayekutaka ununue uanachama wa likizo za miaka mingi ijayo. Sema hapana mlangoni. Ukishaketi, asubuhi yako imekwisha. Kwa Mwislamu kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa: nyama ya bafe kwa kawaida si ya halali, na nguruwe yupo karibu kila mlo, kwa hiyo wengi huishia kwenye samaki, mayai na mboga.

Halafu kuna suala la nchi yenyewe. Watu wanaokutandikia kitanda wengi wanaishi Verón na vitongoji vyake, nyuma ya ukuta wa hoteli, na unaweza kumaliza wiki bila kuona mtaa mmoja wa huko. Sehemu kubwa ya bei ya mkupuo huenda kwa shirika la ndege, wakala na kampuni ya hoteli. Kinachofika moja kwa moja mkononi mwa mtumishi ni mshahara wake na bakshishi yako. Nenda na noti ndogo ndogo, na uzitoe.

Unachokuta Santo Domingo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndicho kipande ambacho matangazo hayakielezi, na kwa Mwafrika kina uzito wa pekee.

Santo Domingo ndio mji wa kwanza wa kudumu wa Wazungu katika Amerika. Bartolomé, ndugu yake Christopher Columbus, aliuanzisha mwaka 1496, na mwaka 1502 gavana Ovando akauhamishia ng'ambo ya mto, ulipo leo. Mji mkongwe, Zona Colonial, uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1990. Ni mdogo kiasi cha kutembelewa kwa miguu. Calle Las Damas ina majengo ya mawe ya karne ya 16 pande zote mbili, na karibu yake kuna kanisa kuu la kale kuliko yote Amerika.

Wageni wote hupigia picha Alcázar de Colón, jumba la Diego Columbus, mtoto wa Christopher. Waongozaji wengi hueleza samani na madirisha. Muulize wako kuhusu shamba la miwa la huyo Diego. Ni kwenye shamba hilo, wakati wa Krismasi ya mwaka 1521, Waafrika waliotiwa utumwani waliinuka na silaha. Ndiyo maasi ya kwanza makubwa ya watumwa yanayojulikana katika Amerika. Walishindwa na wengi wakauawa, lakini haikutimia hata miaka thelathini tangu meli za kwanza za Columbus kufika kabla Waafrika hawajaukataa utumwa kwa silaha. Ukisimama uwanja wa Plaza de España, mbele ya jumba lile, ukiwa unajua hivyo, mawe yale yanabadilika machoni.

Kisha nenda Villa Mella. Watalii wachache hufika, ingawa ni kitongoji cha kaskazini mwa jiji na treni ya metro, njia ya kwanza, inaishia huko, kituo cha Mamá Tingó. Villa Mella kuna Undugu wa Roho Mtakatifu wa Wakongo, Congos del Espíritu Santo. Wanapiga ngoma ziitwazo congos, kwa mikono, siku za sikukuu ya Pentekoste na kwenye misiba. Anapofariki mwanachama wanamwombea siku tisa, na mwaka wa tatu hufanyika ibada nyingine ya kumuaga, ngoma zikipigwa tena. UNESCO iliutambua undugu huu mwaka 2001, na mizizi yake inahesabiwa tangu karne ya 16. Unapokea watu wote, wake kwa waume, wa asili yoyote. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu anayeishi Montreal hapaswi kufika nchi hii na kuondoka bila kujua kwamba jina la nchi yake linaimbwa hapa kwa heshima. Lakini hii ni ibada ya watu. Ukienda, nenda na mwenyeji anayefahamika kule, na simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe.

Chakula nacho kitakushangaza kwa udugu wake. Asubuhi utaletewa mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, juu yake vitunguu vya siki, pembeni jibini la kukaanga, mayai na soseji ya salami. Mhaya na Mganda watajiona nyumbani. Mtu wa pwani atafute moro de guandules con coco, ambao ni wali uliopikwa na mbaazi na tui la nazi. Peninsula ya Samaná, kaskazini mashariki, ina samaki wa kupaka nazi. Mchana mwenyeji hula "bendera": wali, maharage na nyama, sahani moja, kwenye mkahawa wa kawaida ambao hauna picha ukutani.

Jioni ndipo mji unapoishi. Joto la mchana likipungua, viti vya plastiki vinatoka mbele ya colmado, duka dogo la mtaani linalouza mchele, sabuni na bia, na wazee wanaanza dhumna. Mtu wa Zanzibar hatahitaji kufafanuliwa chochote: vipande vinapigwa mezani kwa nguvu ile ile na ubishi ni ule ule. Spika inatoa bachata. Bachata, muziki uliowahi kudharauliwa kuwa wa vilabuni na wa maskini, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019. Merengue ilitangulia mwaka 2016. Kundi la Bonyé limejijengea jina kwa kupiga bure Jumapili jioni ndani ya Zona Colonial, wazee na vijana wakicheza pamoja barabarani. Uliza hotelini kwako wanapigia wapi wiki hiyo.

Ugumu upo, tena si mdogo. Mji una joto, kelele na foleni. Umeme hukatika. Pikipiki, motoconcho, hupita kila upenyo, na basi dogo liitwalo guagua husimama linapotaka. Bila maneno machache ya Kihispania utachoka mapema. Na bahari iliyo mbele ya jiji, kando ya barabara ya Malecón, si ya kuogelea. Ukitaka maji itabidi uende Boca Chica, kama kilomita 30 mashariki, ambako mwisho wa wiki wenyeji hujaa na samaki hukaangwa ufukweni.

Jambo jingine ni letu hasa, na nalisema waziwazi. Nchi hii imepakana na Haiti, ina historia chungu nayo, na inawafukuza Wahaiti kwa wingi. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyowavua uraia maelfu ya watu waliozaliwa hapo na wazazi wahamiaji wasio na hati, wengi wao wa asili ya Haiti. Novemba 2022 Ubalozi wa Marekani mjini Santo Domingo ulitoa tahadhari kwamba wasafiri walikuwa wameripoti kuhojiwa na kushikiliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi. Wewe unayetoka Kigoma au Kisumu unaweza kudhaniwa Mhaiti barabarani. Tembea na nakala ya pasipoti na muhuri wa kuingia, picha ya zote mbili iwe kwenye simu, na namba ya hoteli yako iwe karibu. Ndani ya hoteli ya ufukweni ni nadra kukutana na hili. Mjini linawezekana, na ni haki yako kulipima kabla ya kuchagua.

Pesa

Hoteli ya mkupuo hutoza kwa kichwa: watu wazima wawili ni bei mara mbili, watoto wadogo hupunguziwa au hulala bure. Hoteli ndogo ya Zona Colonial hutoza kwa chumba, na chakula ni juu yako. Kwa hiyo mtu mmoja au wawili wanaokula kwenye mikahawa ya kawaida na kupanda metro mara nyingi watatumia pungufu mjini. Familia ya watu watano wanaokula mara tatu kwa siku na kunywa soda kila saa, hesabu huenda ikaangukia ufukweni.

Mgeni mjini hushtushwa na bili. Bei ya kwenye menyu huongezwa kodi ya asilimia 18 na huduma ya asilimia 10, hivyo chakula cha peso 1,000 kinakuwa peso 1,280. Si udanganyifu, ni sheria. Soma kama kodi imeshajumuishwa kabla hujaagiza.

Safari ya kununua mapokezini: nakushauri uiache

Hapa ndipo watu wengi wanaotaka vyote viwili hupotelea. Wanalala Punta Cana, kisha wananunua kwenye meza ya hoteli "siku moja ya Santo Domingo". Basi linaondoka alfajiri. Ni saa mbili na nusu hadi tatu kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi, pamoja na kusimamishwa kwenye duka la zawadi. Mnashushwa kwenye mapango ya Los Tres Ojos, mnapita kanisani, mnakula bafe nyingine, mnapiga picha Alcázar, na wakati wenyeji wanatoa viti nje ninyi mko barabarani mnarudi. Mji mnaouona ni ule wa saa sita mchana, juani, umejaa watalii wenzenu. Atakayesema "Santo Domingo si lolote" baada ya siku hiyo simlaumu.

Kuna nyingine inayonisumbua zaidi: lori la wazi linalowapeleka wageni vijijini kuona "nyumba halisi ya Kidominika" na kupita shuleni kuwapungia watoto, wengine wakigawa peremende. Sisi tumekulia upande wa pili wa lori hilo. Tunajua ilivyo kupigwa picha na mtu asiyeuliza jina lako, akaondoka nayo. Hakuna utamaduni unaopatikana kwa njia hiyo, wala hatuna sababu ya kuwafanyia wengine tulichochukia kufanyiwa.

Ukitaka nchi, ipe usiku. Angalau usiku mbili za kulala mjini.

Nani achague nini

Mwenye watoto wa chini ya miaka sita, mwenye uchovu wa kweli wa mwili, mwenye mzee asiyeweza kutembea sana, wanandoa waliozaa na hawajazungumza kwa utulivu tangu hapo: nendeni Punta Cana, na msione aibu. Chagueni hoteli nzuri kidogo kuliko mliyokusudia na mkae siku tano badala ya saba. Siku zile za mwisho ndizo huwa hazina faida.

Mwenye watoto wa sekondari waliozaliwa Marekani au Kanada, wanaouliza Waafrika walifikaje kule: nenda Santo Domingo. Kijana wa miaka 15 atasahau bwawa lolote. Hatasahau kwamba mwaka 1521 watu wa rangi yake walisimama kupigana na mtoto wa Columbus. Vivyo hivyo kwa anayesafiri peke yake. Hoteli ya mkupuo imejengwa kwa familia na wapendanao, na mtu wa peke yake hulipa zaidi na kula mezani pake kimya.

Mwenye wiki nzima na nguvu za kutosha afanye vyote, kwa mpangilio huu: mji kwanza, bahari baadaye. Tua uwanja wa Las Américas wa Santo Domingo na uondokee Punta Cana. Usiku tatu mjini, kisha panda basi la Expreso Bávaro kwenda mashariki ukapumzike. Anayeanza na bahari ni nadra kuinuka kwenye kiti cha jua. Anayeanza na mji anafika ufukweni akiwa na Kihispania cha kununulia maji, anajua bei ya peso, na hana woga wa kutoka nje ya geti kwenda ufuo wa Macao kuchanganyika na wenyeji. Kisheria ufuo ni wa umma, mita 60 kutoka maji yanapofika. Cha hoteli ni viti tu.

Kama Punta Cana inakuchosha hata kwa kuisoma, tazama Bayahíbe, iliyo njiani kati ya miji hii miwili. Ni kijiji cha wavuvi chenye nyumba ndogo za wageni, na hoteli za mkupuo ziko jirani pale Dominicus. Las Terrenas, Samaná, nayo inafaa hivyo hivyo, na kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Machi nyangumi huja ghuba ya Samaná kuzaa.

Kwa visiwa vingine nitasema kwa ufupi. Barbados ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayetaka kuchanganya: kisiwa ni kidogo, lugha ni Kiingereza, dola yake ni mbili kwa moja ya Marekani, fuo zote ni za umma, na Ijumaa usiku kila mtu yuko Oistins akila samaki. Jamaika ina utamaduni mzito kuliko watalii wa Montego Bay wanavyodhani, kuanzia Wamaroon wa Accompong, wazao wa watumwa waliotoroka, ambao Waingereza walilazimika kutia nao saini mkataba karibu mwaka 1739, hadi ngoma ya Kumina ya wilaya ya St Thomas, iliyoletwa na watu wa Afrika ya Kati. Magharibi mwa Jamaika kuliumizwa vibaya na kimbunga Melissa, Oktoba 2025, kwa hiyo uliza hali ya eneo lenyewe kabla ya kulipa.

Majira na makaratasi

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo kali. Bei hushuka wakati huo, na sababu ni hiyo. Tangu 2011 kuna pia mwani wa rangi ya kahawia, sargassum, unaoletwa na mkondo wa Atlantiki na kurundikana ufukweni, zaidi kuanzia majira ya kuchipua hadi Agosti. Huoza na kunuka. Punta Cana, inayotazama mashariki, huupata sana. Bayahíbe huupata kidogo. Anayelipia bahari, tena kwa wiki nzima, aombe picha za wiki hiyo hiyo, si za tangazo. Anayekwenda mjini hilo halimhusu.

Kuhusu viza, Jamhuri ya Dominika huwaruhusu wageni wenye viza halali au ukaazi wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen kuingia kama watalii, hata kama pasipoti yao ya Afrika Mashariki peke yake isingetosha. Thibitisha na ubalozi wao na shirika lako la ndege, kwa sababu ni mtumishi wa kaunta ya ndege atakayekuzuia kwanza. Fomu ya kielektroniki ya kuingia na kutoka, iitwayo e-ticket, ni ya lazima na ni bure. Tovuti inayokutoza pesa kwa fomu hiyo si ya serikali. Na kama viza yako ya Kanada au Marekani ni ya kuingia mara moja, pata uhakika kwanza kwamba utaruhusiwa kurudi.